Walalaji wa Nchi ya Tegemeo

Nchi ya Tegemeo haimo katika ramani zinazouzwa madukani, na namna nilivyofika huko haina faida kwa msomaji. Niliyoyaona ndiyo yenye kazi. Nitayasimulia kama yalivyokuwa, bila kutia chumvi, ingawa nakiri mapema kwamba mimi ni mwanamke mwenye hasira za karibu, na kazi ya ukunga niliyoifanya maisha yangu yote haikunifundisha kuvumilia upuuzi.

Jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa salamu yao. Huko mtu akikutana na mwenzake hamuulizi habari za asubuhi wala za watoto. Humwambia, "Watatujia?" na mwenzake lazima ajibu, "Watatujia." Mimi sikujua wanamngoja nani. Askari wa langoni aliponisalimu hivyo, nikamjibu kwa nia njema kabisa, "Labda." Akanishika mkono palepale, nikawa mfungwa.

Kosa langu lilionekana zito kiasi cha kupelekwa mbele ya Waziri wa Imani mwenyewe, Mheshimiwa Hatibu Nyange. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto. Alinipa kiti, akaniagizia chai ya tangawizi, kisha akanieleza kwamba neno nililolitamka lilikwisha kufutwa nchini kwa sheria.

"Muuza nyanya hapa kwetu haruhusiwi kukuambia kuwa labda kesho atakuwa nazo," akasema. "Atakuwa nazo, au hatakuwa nazo."

"Na mvua, mheshimiwa?"

"Mvua tunaitangaza ikishanyesha."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, nikaona hana utani hata chembe.

Tegemeo, alinieleza, ni nchi ndogo iliyobanwa katikati. Juu yake, milimani, iko nchi kubwa ya Kilele. Chini yake, baada ya mto, iko nchi nyingine kubwa iitwayo Ng'ambo, ambayo kwa vizazi vingi imekuwa ikilimezea mate bonde la Tegemeo na mpunga wake. Kilele na Ng'ambo kila moja ina mapango, na ndani ya mapango hayo kuna mizinga ya nyuki weusi wasiofanana na nyuki wetu. Hawa hawana asali. Wakifunguliwa hawarudi mzingani mpaka wameua kila chenye pumzi, na hawajui mpaka wala bendera. Waliwahi kufunguliwa mara moja tu, zamani, katika mji uitwao Kiwale. Waliofika huko baadaye walikuta kuku wamekufa vizimbani, watoto wamekufa migongoni mwa mama zao, na mikate imeungua majikoni kwa kukosa mtu wa kuiepua.

"Na tangu Kiwale tumekuwa na amani," Waziri akasema kwa fahari. "Kilele ina nyuki wa kuimaliza Ng'ambo mara saba. Ng'ambo nayo ina nyuki wa kuimaliza Kilele mara saba."

Nikauliza hiyo mara ya pili watakuwa wanamuua nani. Waziri akanitazama kwa huruma, akaniongezea chai.

Tegemeo yenyewe haina mzinga hata mmoja. Ina ahadi. Kilele iliapa kwamba siku Ng'ambo itakapovuka mto, itafungua mizinga yake kwa ajili ya Tegemeo. Lakini wenye akili walianza kuulizana pembeni. Nyuki wa Kilele wakifunguliwa, wa Ng'ambo nao watafunguliwa, na watoto wa Kilele watakufa. Ni mzazi gani atakayewatoa wanawe wafe kwa sababu jirani kanyang'anywa mpunga? Swali hilo lilikuwa la hatari, maana ahadi ile haikuwa na nguvu nyingine isipokuwa kuaminiwa. Ndipo wataalamu wa nchi zote mbili wakakaa, wakabuni Walalaji.

Mlalaji ni raia wa Kilele anayelala mpakani, katika nyumba zilizopangwa kando ya mto upande wa Tegemeo. Hana silaha. Kazi yake ni kulala. Huvaa joho la samawati ili adui amwone vizuri, kwa kuwa Ng'ambo haiwezi kuvuka bila kumkanyaga, na ikimkanyaga itakuwa imemuua Mkilele, na Kilele haitakuwa na budi kufungua mizinga. Yaani watu wale waliwekwa pale ili wauawe kwanza. Waziri alilisema jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza matumizi ya kitasa.

"Adhabu yako," akamalizia, "ni kukaa katika nyumba ya Mlalaji mpaka Siku ya Kiapo, ujifunze imani. Utakuwa mgeni wa Bwana Orodi wa Kilele, mtu mkubwa sana kwao."

Huyo Bwana Orodi nilimkuta katika nyumba ya mwisho, karibu na kivuko. Alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba, anajikuna mgongo kwa mwiko. Joho lake lilikuwa la sufu nzito ya nchi ya baridi, na joto la bonde lile halina huruma.

"Karibu, dada," akasema, kwa lafudhi ya Tegemeo isiyo na doa. "Wewe ndiye uliyelisema lile neno? Hebu liseme tena, nimelikumbuka kweli."

"Kwani wewe ni Mkilele?" nikamuuliza.

"Ukinitazama kutoka upande wa pili wa mto, ndiyo."

Jina lake la kweli lilikuwa Shomvi, fundi wa vitanda kutoka mjini. Mwanamke aliyetoka jikoni kutuletea maji alikuwa bintiye, Zuwena, mjane wa makamo mwenye ulimi mkali. Wao ndio walionieleza siri ambayo kila mtu bondeni aliijua na hakuna aliyeruhusiwa kuijua. Wakilele walikuwa wamekwisha kuondoka. Wa kwanza alikwenda kumwozesha binti yake. Wa pili alisema mamaye anaumwa. Waliofuata hawakutoa hata udhuru, walifunga virago asubuhi wakaenda zao. Kilele haikutangaza kuwa imewaondoa, na Tegemeo haikuuliza, maana kuuliza ni kuonyesha shaka. Badala yake Wizara ya Imani ilitafuta raia wake warefu, ikawavika majoho, ikawafundisha kutembea polepole na kuwatazama watu kwa kuwashusha. Walipokosekana warefu wa kutosha, nyumba nyingine ziliachwa tupu, na mfanyakazi wa wizara akawa anapita kila siku kubadilisha nguo za samawati kwenye kamba za kuanikia.

"Baba alichaguliwa kwa urefu," Zuwena akaniambia. "Waliiita heshima. Mimi wananihesabu mtumishi wake. Nje ya mlango huu siruhusiwi kumwita baba."

"Nje huniita Bwana Mkubwa," mzee akadakia. "Ndiko anakoniheshimu. Humu ndani naitwa wewe mzee hebu acha kumwaga tumbaku."

Niliwapenda siku ile ile. Mzee Shomvi alikuwa mtu wa kelele. Alilalamikia joho, alilalamikia chumvi ya mchuzi, alikilalamikia kitanda chake cha serikali, akakifumua kamba zote akakisuka upya kwa mtindo wake. Kulikuwa na Wakaguzi wa Usingizi, na sikupata kuona cheo kingine cha kipuuzi kama hicho, waliokuwa wakipita mchana kuhakikisha kuwa Walalaji wamelaza vichwa upande wa mtoni, ndiko Wakilele walikolaza vyao. Pia walitaka Mlalaji akorome kwa sauti nzito ya kimilima. Mzee Shomvi alikuwa hakoromi. Mkaguzi alipofika, Zuwena ndiye aliyejificha nyuma ya pazia akakoroma badala yake, na mzee akawa anamrekebisha kwa kunong'ona, "Vuta ndani, mwanangu, vuta ndani, hiyo ni ya ng'ombe."

Tulicheka sana. Lakini siku moja mchana, tukichambua mchele kibarazani, nilimuuliza mzee kama haogopi.

"Naogopa, dada, kwa nini nisiogope?" akasema. "Mimi si mlinzi. Mimi ni kengele. Mwizi akija, ataigonga kengele, nayo italia. Tatizo ni kwamba mwenye kengele amehama nyumba."

Zuwena alikuwa ameomba mara nyingi baba yake arudishwe mjini. Jibu lilikuwa moja. Mlalaji mmoja akiondoka, Ng'ambo itaona pengo, na pengo ni mwaliko. Kwa hiyo mzee ambaye hakuwa Mkilele alikatazwa kwenda kwake kwa sababu kuondoka kwake kungeonyesha kuwa Wakilele wanaondoka. Nilimwambia Zuwena kwamba jambo hilo halina kichwa wala miguu.

"Lina joho, shangazi," akanijibu. "Mimi sijali mpunga ni wa nani. Nataka baba yangu afe kwa uzee, kitandani kwake, akilalamika. Hilo tu. Sijaomba kikubwa."

Siku ya Kiapo ilifika. Kwa desturi, kila mwaka Balozi wa Kilele huteremka mpakani na kulala usiku kucha pamoja na Walalaji, ili Ng'ambo ione kuwa hata wakubwa wamo. Balozi wa mwaka huo, Bwana Lwanzo, mtu mwembamba mwenye haraka, alikuja adhuhuri. Alitandikiwa mkeka, akajinyoosha juu yake na viatu vyake, akafumba macho kwa muda wa kuchemsha yai, akaamka akajipangusa. Watu wakapiga vigelegele. Waziri Nyange alikuwa ameniketisha karibu naye apate kuona kama imani imeniingia.

"Nasikia zamani walilala mpaka asubuhi," nikamnong'oneza.

"Huyu amelala usingizi mzito zaidi," akanijibu.

Kisha Balozi akasimama kutoa kiapo. Kiapo cha zamani, ambacho kila mtoto wa Tegemeo alikijua kwa moyo, kilikuwa na maneno machache: Mkiguswa, tutafungua mizinga. Baadaye kidogo kikawa: Mkiguswa, tutaisogelea mizinga. Mwaka huo Bwana Lwanzo alikohoa, akatazama milimani kwao, akasema, "Mkiguswa, tutaumia sana moyoni."

Nilimsikia mzee Shomvi, nyuma yangu, akivuta pumzi. Halafu Waziri Nyange akaruka kutoka kitini akaanza kupiga makofi kwa nguvu zake zote, na watu, mmoja mmoja, wakamfuata.

Alasiri hiyo Baraza la nchi lilikutana kukifasiri kiapo, nami nikaruhusiwa kuketi kwenye benchi la wasikilizaji pamoja na Zuwena. Waziri alizungumza kwanza. Alisema asiyeumia moyoni hawezi kufungua mizinga, kwa hiyo kuumia moyoni ni hatua ya kwanza ya kufungua. Kilele, akasema, miaka yote ilikuwa ikiiruka hatua hiyo, na sasa imeiahidi wazi. Tegemeo imepata zaidi ya ilichokuwa nacho. Wajumbe waligonga meza.

Akasimama Mheshimiwa Kitwana Mbwera, mjumbe mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia ng'ombe. "Nguo ya kuazima haisitiri matako!" akanguruma. "Tumeambiwa waziwazi kuwa tutaliliwa. Mimi sitaki kuliliwa. Tufuge nyuki wetu wenyewe!"

Mtu akauliza kama nyuki hao hawatatuuma sisi.

"Watakuwa nyuki wa Tegemeo," Kitwana akajibu kwa hasira. "Watakuwa na uzalendo."

Hoja ilipendwa. Ilipendwa mpaka lilipoulizwa pango la mizinga litachimbwa wapi. Mjumbe wa kaskazini akasema kwake kuna shule. Wa kusini akasema kwake kuna mpunga. Kitwana mwenyewe akakumbuka kwamba kwao kuna upepo mwingi, na nyuki hawapendi upepo. Walibishana mpaka koo zikawakauka. Mwisho Baraza likapitisha kwa kauli moja kwamba Tegemeo iwe na mizinga yake yenyewe, na kwamba mizinga hiyo isiwekwe mahali popote.

Hapo Zuwena akasimama. Aliuliza swali la mtu mwenye akili timamu. Kama Kilele sasa imeahidi kuumia moyoni tu, wale waliolazwa mtoni wanalala kwa faida gani, na kwa nini wasirudi makwao leo hii?

"Mtumishi wa Bwana Orodi anyamaze," Waziri akasema kwa ile sauti yake ya upole. Askari wakamkalisha.

Adhabu yangu ilikuwa imekwisha na ningeweza kuondoka. Sikuondoka. Moyo haukunipa kumwacha mzee yule mtoni, kama vile kukaa kwangu kungeweza kumkinga na chochote. Nilikuwa mjinga kama wao.

Ng'ambo nayo ina masikio. Kiapo kilisomwa kwa sauti, kando ya mto, na mto ule si mpana. Asubuhi moja, mimi na Zuwena tukiwa sokoni, kundi la watu wao lilivuka. Halikuwa jeshi. Walikuja wachache, na mashoka, wakaiendea nyumba ya kwanza waliyoikuta walipopanda kutoka kivukoni, wakazikata nguzo zake mpaka paa likaanguka. Kisha wakarudi kwao, wakaketi ukingoni, wakatazama milimani wapate kuona ni nini kitateremka.

Hakikuteremka kitu.

Tulimkuta mzee Shomvi chini ya boriti, juu ya kile kitanda alichokisuka mwenyewe. Zuwena aliondoa makuti kwa mikono, akipiga kelele, "Baba! Baba!" hadharani, mbele ya Walalaji wenzake waliosimama milangoni na majoho yao, hawajui kama wanaruhusiwa kusaidia. Nilimgusa mzee shingoni. Kazi yangu ilikuwa kupokea wanaokuja, lakini hata wanaokwenda nawajua. Alikuwa amekwisha kwenda.

Ng'ambo ilitoa tamko kwamba watu wake walivuka kumtafuta mbuzi aliyepotea, na kwamba nyumba ile ilianguka yenyewe kwa uzee. Serikali ya Tegemeo haikuwa na muda wa kuwajibu. Askari wa Wizara ya Imani walikuja, wakaunyanyua mwili kutoka mikononi mwa Zuwena kabla hajauosha, wakaupeleka Barazani ukiwa vile vile, na vumbi na joho, kwa sababu sasa ulikuwa ushahidi.

Waziri Nyange alitukuta ukumbini nje ya Baraza. Alikuwa anatoka jasho. Alimshika Zuwena bega.

"Binti yangu, pole. Utaulizwa kama unamjua marehemu. Utasema ni Bwana Orodi wa Kilele, tajiri wako. Basi, huna haja ya kuongeza neno."

"Nikisema hivyo itakuwaje?"

"Kilele itakuwa imeuliwa mtu wake. Itabidi wafungue."

"Nyuki?"

"Usiende mbali huko."

"Niende wapi, mheshimiwa? Wakifunguliwa si tunakufa sote?"

"Hawatafunguliwa! Wataona haya, watatuletea Walalaji wa kweli, Ng'ambo itaogopa, mambo yatarudi kama zamani. Wewe sema tu."

"Na wakifunguliwa?"

Waziri wa Imani alifungua mdomo. Nililiona lile neno walilolifuta likimjia mpaka kwenye midomo. Akalimeza.

"Na baba atazikwa kama nani?" Zuwena akauliza.

"Kama Bwana Orodi. Kwa heshima zote za Kilele, huko huko Kilele."

Zuwena aliutoa mkono wa Waziri begani kwake kama mtu anayetoa mdudu, akaingia ndani.

Mzee alikuwa amelazwa juu ya meza ndefu ya Baraza, ile ile iliyogongwa siku ya mjadala. Wajumbe wote walikuwa wamejaa kandokando ya kuta, mbali na meza. Balozi Lwanzo alisimama karibu na dirisha, na leso puani. Alikuwa amekonda zaidi. Nadhani alikuwa na watoto huko kwao, na simlaumu kwa kuwapenda.

"Serikali yangu," akasema, "inataka kujua jambo moja tu. Inataka kujua kama kuna aliyekufa."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, maiti ikiwa mezani.

Waziri akamwelekeza Zuwena kwa kidole. Zuwena alisogea mpaka kwenye meza, akamfuta baba yake vumbi usoni kwa ncha ya kanga, hakuwa na haraka. Waziri alikuwa akimwomba kwa macho. Balozi naye alikuwa akimwomba kwa macho, jambo lililo kinyume chake.

"Huyu anaitwa Shomvi," Zuwena akasema. "Fundi wa vitanda, wa mtaa wa karakana hapa mjini. Ni baba yangu mzazi. Joho hili mlimvika nyinyi, na nyote mnajua. Msifungue nyuki kwa ajili yake. Mwenyewe asingetaka. Nipeni nikamwoshe."

Balozi alishusha leso. Alishusha na pumzi ndefu, mabega yake yakalegea, na rangi ikamrudia usoni.

"Basi hakuna aliyekufa," akasema.

Nilidhani Baraza litalipuka kwa hasira. Lililipuka kwa furaha. Watu wazima walikumbatiana. Kitwana Mbwera, yule simba wa kufuga nyuki, alikuwa analia akibusu mikono ya jirani yake. Waziri Nyange alianguka kitini, akajipangusa uso, akaanza kueleza, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, kwamba kumbe ahadi haikuvunjwa. Ahadi ilikuwa juu ya Mkilele, na Mkilele hakuguswa, kwa hiyo ahadi ingali nzima, nzima kuliko jana. Balozi akaipongeza Tegemeo kwa ukweli wake. Mtu akatuma kahawa iletwe, na halua.

Sikuweza kujizuia, na sikujaribu. Niliwapigia kelele. Niliwaambia kuwa nimepokea watoto wengi kwa mikono hii na sikumkagua hata mmoja ni wa nchi gani kabla ya kumpiga kofi la kumliza. Niliwauliza aliye mezani ni nini, kama si mtu, ni gogo? Ni nani aliyemweka pale mtoni, Ng'ambo? Niliwaita wauaji, na Balozi nikamwita hivyo hivyo, na wale wa ukingo wa pili na mashoka yao nikawaingiza humo humo. Bwana mmoja mwenye adabu akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa sahani ya halua.

Hakuna aliyetuzuia, kwa sababu mwili haukuwa ushahidi tena, na hakuna aliyetusaidia. Zuwena alimshika baba yake kwapani, mimi nikashika miguu. Alikuwa mrefu kweli, na mzito. Mlango wa Baraza niliusukuma kwa mgongo.

Hatukufika mbali. Walalaji walikuwa wamekusanyika nje. Habari huenda upesi kuliko maji, na ile kauli ya Balozi ilikwisha kufika mtoni kabla kahawa haijamiminwa. Walikuwa wameyavua majoho, wamekuja na mashati yao, mabega wazi wengine, na mtu mmoja alibeba kile kitanda cha kamba kichwani. Walimlaza mzee juu ya kitanda chake, wakakinyanyua. Tulimwosha nyumbani kwake mjini, na saa za alasiri tulikuwa tunachimba kaburi nyuma ya karakana yake, watu wa mpakani wote, wanaume na wanawake, kwa zamu.

Ndipo Waziri Nyange alipotokea anakimbia, anahema, peke yake.

"Nyumba zote tupu!" akapiga kelele. "Mto uko wazi! Zuwena, mwanangu, wanakusikiliza wewe, waambie warudi. Ng'ambo wanatazama. Nani atalala mpakani leo?"

Zuwena alikuwa ndani ya kaburi, udongo umempanda mpaka viwikoni. Alimtazama kutoka kule chini.

"Kalale wewe," akamwambia, kisha akanyoosha mikono juu, tukamteremshia baba yake.